Muheza: siku hizi bwana shamba ni kijana wa dukani?

#1 Mpuliza_Bomba
Wakuu, salaam. Nipo Mkuzi, Muheza. Nina ekari mbili na nusu za mahindi ya masika, yako wiki ya tano. Wiki jana nikaanza kuona majani yana matundu yaliyojipanga mstari, kama mtu kapitisha cherehani isiyo na uzi. Nikafunua moyo wa mhindi mmoja. Ndani mna kitu kama vumbi la msumeno lililoloa. Nikachokoa kwa kijiti, akatoka bwana mkubwa, mnene kama kalamu.

Nikampigia bwana shamba wa kata, hakupokea. Kesho yake akapokea, yuko Dodoma kwenye semina. Nikapanda bodaboda mpaka Muheza mjini, duka la pembejeo. Kijana pale kaunta hakuniuliza nina shida gani, aliniuliza nina shilingi ngapi. Nikamwambia kumi na tano elfu. Akanipa chupa: "Vifuniko viwili kwa bomba." Bomba la lita ngapi? "La kawaida."

Nimepuliza mara mbili. Leo asubuhi viwavi wamenawiri kuliko mahindi.

Sasa hoja yangu. Marehemu baba alikuwa anatembelewa na bwana shamba kwa baiskeli, kila baada ya wiki mbili, mwaka 1991, shamba hili hili. Mama bado anamtaja jina. Leo ushauri tunaununua dukani, na dukani wanakushauri kile kilichobaki kwenye shelfu. Imekuwaje?

#2 Chungwa_Chachu
Wa kwanza kiti cha mbele. Picha ya huyo bwana mkubwa iko wapi?

#3 Afisa_Vumbi
Mkuu, kabla ya lawama tuokoe mahindi. Mtazame kichwani. Ukiona alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia nukta nne zilizokaa mraba, huyo ni kiwavijeshi vamizi. Halafu chukua hiyo chupa, usisome jina kubwa, soma lile dogo la kiambata, yaani sumu yenyewe iliyomo. Liandike hapa.

Na umepuliza saa ngapi? Mchana anajichimbia ndani ya moyo, kile kinyesi chake ndicho kizibo cha chupa. Puliza jioni au alfajiri, elekeza kichwa cha bomba ndani ya moyo, si majani.

#4 Mpuliza_Bomba
Nimekwenda na tochi. Y ipo. Nukta nne zipo. Lebo nimeisoma kwa kumwazima mama miwani: sipamethrini, basi. Nilipuliza saa sita mchana.

#5 Afisa_Vumbi
Hiyo peke yake kwa mdudu wa ukubwa huo ni kumkogesha. Tafuta yenye emamektini benzoeti, hakikisha imesajiliwa na TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, fuata kipimo cha lebo kwa ujazo wa bomba lako, vaa barakoa na glavu. Wakati unaitafuta, ingia na watoto jioni mwokote kwa mikono. Ekari mbili na nusu si nyingi. Wengine wanatia majivu au mchanga ndani ya moyo, husaidia wakiwa bado wadogo. Hao wako wameshaoa.

#6 Kisoda
Hao wadudu walikuja na mahindi ya msaada, kila mtu anajua.

#7 Binti_Pangani
Kila mtu nani? Asili yake Marekani ya joto. Afrika alionekana kwanza upande wa magharibi, 2016, na 2017 tayari yuko kwetu. Nondo wake akipata upepo anaruka kilomita mia kwa usiku mmoja. Hana haja ya lori la msaada.

#8 Duka_Dogo
Nimesoma nikacheka, nikasema nijibu. Mimi nauza pembejeo, si Muheza, ila mkoa huu huu. Mteja anaingia na elfu tano mkononi anasema "nipe ya wadudu". Wadudu gani? "Wa mahindi." Nikimwambia huyo anataka ya elfu ishirini na kitu, anavuka barabara kwa jirani, na jirani anampa ya elfu tano. Nishauri mara ngapi nipate hasara?

Halafu niambieni, nani mwingine wilayani anafungua mlango saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, Jumapili ikiwemo, anasikiliza shida za mkulima bila posho? Yule kijana kakosea kutouliza ujazo wa bomba, hapo simtetei.

#9 Mzee_wa_Plovdiv
Vijana, hili jambo la bwana shamba kugeuka muuza duka nimeliona mahali pengine, mbali sana na Muheza. Niwape kisa.

Nilikwenda Bulgaria kusoma kilimo, mji wa Plovdiv, nikarudi 1989 miezi michache kabla Zhivkov, mtawala wao, hajang'oka. Huko shamba lilikuwa kama tarafa nzima. Mwaka 1970 waliunganisha mashamba ya ushirika wakatengeneza majitu ya kilimo na viwanda kwa pamoja. Mtaalamu wa udongo, wa wadudu, wa ngano, wote waajiriwa wa shamba. Neno "mshauri wa mkulima" sikulisikia, kwa sababu mkulima mmoja mmoja wa kushauriwa karibu hakuwepo. Mtaalamu anaamua, dereva wa trekta anatekeleza.

1991 wakatunga sheria ya kurudisha ardhi kwa wenyewe wa kabla ya ujamaa, au warithi wao. Mwaka uliofuata zikaundwa kamati za kufilisi ushirika. Sasa fikiria: mrithi ni kondakta wa tramu Sofia, kapewa kipande cha babu yake, hajui hata mpaka uko wapi. Mtaalamu kabaki hana shamba, na shamba limebaki halina mtaalamu. Mwenzangu niliyekaa naye bweni moja aliniandikia barua mwaka 1993. Kafungua duka la mbegu na dawa. Akasema watu wanamuuliza yale yale aliyokuwa akiyajibu kwa mshahara, ila sasa anayajibu ili auze.

Kwa hiyo Mpuliza, mimi simlaumu kijana wa dukani. Duka huota pale mwajiri wa zamani alipokufa.

#10 Chungwa_Chachu
Mzee shikamoo. Bulgaria na Mkuzi wapi na wapi? Kule tramu, huku bodaboda ya Mpuliza na chupa mfukoni.

#11 Mzee_wa_Plovdiv
Marahaba. Cheka tu. Na sisi tulikuwa na vyama vya ushirika vilivyovunjwa 1976, vikarudishwa 1982, halafu soko likaachiwa. Ile miaka sita katikati unadhani mtaalamu wa ushirika alikuwa wapi?

#12 Kisoda
Enzi za Mwalimu kila kijiji kilikuwa na bwana shamba na baiskeli yake. Mwinyi akaja na ruksa, kwisha habari.

#13 Karani_Mstaafu
Kisoda unachanganya madaftari. Rudi #1. Mpuliza kasema 1991, na kasema *kila baada ya wiki mbili*. Mwaka 1991 Rais ni Mwinyi. Na hizo wiki mbili hazikutokana na wema wa bwana shamba. Ulikuwa mfumo wa Benki ya Dunia ulioitwa Mafunzo na Matembezi, ulipita Uturuki na India kabla ya kufika huku. Bwana shamba anafundishwa siku maalumu, kisha ana ratiba ya kuwafikia wakulima wa mfano, na ratiba ni ya wiki mbili. Kwetu ulikuja na mradi wa kufufua ugani, yaani hii kazi ya bwana shamba, 1989. Niliandika hizo ratiba kwa mkono, karatasi ya kaboni chini.

Ulikuwa mkopo. Katikati ya miaka ya tisini mkopo ukaisha, redandansi ikapita maofisini, mnyororo wa baiskeli ukakatika hakuna wa kununua mwingine. Huyo aliyekuwa akimtembelea baba yako alikuwa anaendeshwa na fedha za mkopo.

#14 Mpuliza_Bomba
Aisee. Nimempigia mama nimemuuliza, anasema kweli alikuwa anakuja Jumanne tu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini Jumanne.

#15 Mlalo_Juu
Nyie wa pwani mnamlilia bwana shamba kama mjomba aliyehama. Kwetu Lushoto wazee wakisikia jina hilo wanakumbuka faini. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walianzisha mpango wa Mlalo, 1946, baadaye ukasambaa Usambara yote: kila kaya ichimbe matuta kwenye mteremko, asiyechimba ashitakiwe. Bibi yangu alikuwa anasema matuta yale yalikula shamba lenyewe, udongo wa juu unafukiwa, wa chini mwekundu unabaki wazi, maharage hayatoki. Watu walikataa mpaka mpango ukafa mwishoni mwa miaka ya hamsini, na siasa za TANU zikapatia mtaji hapo hapo.

Kuanzia miaka ya themanini Wajerumani wa mradi wa udongo walikuja na hoja ile ile ya mmomonyoko, lakini wakasema panda majani ya Guatemala kwenye kontua, mistari inayokata mteremko, ng'ombe watakula. Hapo watu wakapanda. Kilichobadilika ni kwamba mkulima aliona cha kumpa ng'ombe.

#16 Kisoda
Kwa hiyo sasa kosa ni la Waingereza? Waliotuletea mkonge hao hao?

#17 Binti_Pangani
Kisoda, leo umeamka na mguu gani? Mkonge aliuleta Mjerumani, Hindorf, 1893, kwa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Vichipukizi elfu moja kutoka Florida, vilivyofika hai ni 62, vikapandwa Kikokwe, ng'ambo ya mto hapa kwetu Pangani.

Na kwa kuwa umenichokoza, nami niseme yangu. Utaalamu wa kilimo Tanga haujawahi kukosekana, ulikuwa na mwenyewe. Amani walijenga kituo 1902. Mlingano, kutoka kwa Mpuliza hata hodi inasikika, kilianzishwa 1934 na wenye mashamba ya mkonge, kwa ajili ya mkonge. Kikatoa mkonge chotara wa 11648 unaopandwa mpaka leo. Mwenye shamba alikuwa na swali, akajijengea wa kumjibu.

Mihogo ya bibi zetu? Michirizi ya kahawia, ule ugonjwa unaoozesha mhogo ndani huku majani yanakuchekea, uliandikwa kitaalamu pale pale Amani, 1936. Sisi shambani Mwera tumekuja kusikia kwamba una jina mwaka ambao shangazi aling'oa nusu ekari, akakata mmoja, akakuta kahawia kama tumbaku, akakata wa pili, wa tatu, akakaa chini. Hakulia. Akauliza tu kama nguruwe wa kule misheni watakula.

Kutoka Amani mpaka Mwera si mbali jamani. Ile habari ilitembea miaka sabini.

#18 Chungwa_Chachu
Nimeacha kucheka kidogo. Pole kwa shangazi.

#19 Maziwa_Lita
Pongwe hapa, ng'ombe wanne. Naona mmesahau kundi moja. Sisi wa maziwa ushauri tunaupata. Waholanzi waliweka fedha tangu miaka ya themanini, wengi tulianza kwa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, jike wa kwanza anayezaliwa unampeleka kwa mwenzio. Miradi imeisha zamani, chama cha ushirika kimebaki. Asubuhi unafika kituoni na kidumu, maziwa yanapimwa kwa spiriti na laktomita mbele yako. Yakigandia kwenye kikombe, yanarudi nyumbani. Siku hiyo hiyo unatafuta mtu akwambie kwa nini. Ya mtaalamu inakatwa kwenye malipo ya mwezi, wala huioni ikiuma.

Pasipo mnunuzi anayejali ubora, nani atamlipa mshauri? Mahindi ya Mpuliza yatanunuliwa kwa debe, yawe yameliwa na kiwavi au hayakuliwa.

#20 Duka_Dogo
Nakazia #19.

#21 Chungwa_Chachu
Subirini hapo hapo. Nadharia yako inafia Muheza stendi. Machungwa yana mnunuzi, anatoka Kenya na lori lake, anatoka Dar, na mimi dalali nipo katikati. Nimenunua miti ya watu miaka kumi na moja. Nzi wa matunda vamizi kaingia zaidi ya miaka ishirini iliyopita, chungwa linaoza mtini, na sijawahi kumshauri mtu hata siku moja. Ninachofanya ni kushusha bei.

#22 Maziwa_Lita
Kwa sababu wewe unanunua mti mzima, unachuma, unaondoka. Waja leo waondoka leo. Maziwa yanarudi kituoni kila siku, mara mbili. Mnunuzi anayekuona kila siku lazima akufundishe, la sivyo tanki lake ndilo linaloharibika.

#23 Chungwa_Chachu
Nimepigwa. Lakini nimekulipa pesa taslimu, hukungoja mwisho wa mwezi.

#24 Ngoma_ya_Vuli
Wote mnazunguka kichaka. Vietnam walilegeza uchumi 1986, mwaka ule ule tuliotia saini na IMF. 1988 wakagawia kaya mashamba ya ushirika, 1989 wakaanza kuuza mchele nje, na 1993 serikali yao ikaunda idara ya ugani upya, kuanzia juu mpaka mikoani. Walifungua soko na kuajiri washauri. Sisi tulifungua soko na kupunguza washauri. Sioni kitendawili.

#25 Karani_Mstaafu
Hesabu yako nzuri ila umeruka mstari. Na sisi tuliunda upya miaka hiyo hiyo, ndio ule mradi wa 1989. Tofauti labda ni nani aliulipia. Na Uganda je? Tangu 2001 walijaribu mshauri wa kukodi kwa mkataba, wakulima ndio wachague. Miaka kumi na kitu baadaye wanajeshi wakapewa kazi ya kugawa miche.

#26 Kisoda
Vietnam tena. Kila uzi Vietnam.

#27 Afisa_Vumbi
Nilikuwa kimya makusudi. Ndiyo, mimi ni afisa ugani, kata moja ya Mkinga, vijiji vitano. Kile cha mbali ni saa moja na nusu barabara ikiwa kavu.

Wiki yangu iliyopita. Jumatatu: kuandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku, nambari ya simu ya mtu haipokei ujumbe, tumekaa chini ya mwembe mpaka saa tisa. Jumanne: kikao cha maendeleo ya kata. Jumatano: nimesimama kwenye kizuizi cha barabarani kusaidia kukusanya ushuru wa mazao, maana mapato yakipungua halmashauri sote tunaitwa. Alhamisi: takwimu za mvua na ekari, zinatakiwa leo leo. Ijumaa ndiyo nimekwenda shamba, nikakuta mwenye shamba kaenda msikitini, haki yake.

Pikipiki ninayo. Mafuta yana ahadi. Na nina mabwana wawili: utaalamu naripoti upande wa Wizara ya Kilimo, mshahara na amri napokea upande wa halmashauri. Ukiniuliza kazi ya bwana shamba imekufa kwa sababu gani, mimi nasema ni hapo, sio mkopo wala Bulgaria, samahani mzee.

Na kuna jambo hatulisemi. Nikitangaza mafunzo ya nafasi za kupandia mahindi, wanakuja sita, wawili ni wa ukoo wa mwenyekiti. Nikitangaza mbegu za bure, uwanja hautoshi.

#28 Kisoda
Hizo pikipiki za Magufuli mnaendea sokoni tu.

#29 Afisa_Vumbi
Ziligawiwa 2022, mwezi wa nne, Dodoma, na Rais Samia. Ila la sokoni sikatai, sokoni ndiko wakulima waliko.

#30 Mlalo_Juu
Hao sita wanaokuja ndio wa kushika. Hao wanaojaza uwanja kwa mbegu za bure wamezoea. Wazazi wao walipitia Siasa ni Kilimo 1972, Kilimo cha Kufa na Kupona baada ya njaa ya 1974, kila msimu na wimbo wake. Mtu kama huyo ukimwambia "nafasi sentimita 75 kwa 30" anasikia kampeni nyingine.

#31 Binti_Pangani
Na wengi wa hao sita wangekuwa wanawake kama ungeweka saa kumi jioni badala ya saa nne asubuhi. Saa nne tuko kwenye jembe.

#32 Afisa_Vumbi
Nimelipokea hilo. Nitajaribu.

#33 Mzee_wa_Plovdiv
Nilisamehe tangu uliposema samahani. Ila mabwana wawili mwanangu, hata kule walikuwa nao. Chama na shamba.

#34 Chungwa_Chachu
Mpuliza uko wapi? Uzi umeuacha unalea wageni.

#35 Mpuliza_Bomba
Nipo. Mrejesho, wakuu.

Nimepata ile ya emamektini, duka la pili, ishirini na mbili elfu. Nimepuliza jana saa kumi na mbili jioni, moyo kwa moyo, mgongo umekatika. Leo asubuhi nimefunua mihindi ishirini: kumi na minne nimekuta wamelala, mmoja anatembea kilevi, mitano sikuona kitu. Ekari ile ya bondeni lakini naona imechelewa, moyo umeshakatwa.

Na bwana shamba kafika! Karudi Dodoma, kaja na pikipiki mpaka shambani, saa nne. Kakaa kama robo saa. Kafunua mihindi mitatu, kasema nimefanya sawa, nirudie baada ya siku saba nikiona wapya. Kuhusu kutopokea simu kasema siku ile aliitwa na watu hamsini.

Halafu akaona ile mihogo yangu ya mpakani, kiroba ile, niliyopewa pingili na shemeji wa Kibaha. Akasimama pale muda mrefu kuliko kwenye mahindi. Akaning'olea mmoja, akaukata kwa kisu changu, mweupe mpaka katikati. Akaniuliza kama naweza kumuuzia pingili mizigo miwili, ana shamba lake Potwe na ya kwake yote imeingia michirizi.

#36 Duka_Dogo
Hahaha! Umemwambia bei gani?

#37 Mpuliza_Bomba
Nimemwambia aje Jumanne.

#38 Binti_Pangani
Mizigo miwili mwachie, wa tatu ni wangu. Nakuja na shangazi.